Akdi ya Mchezo katika Nyumba ya Daktari

"Saadiya, teremka. Babaako keshakuoza."

Ujumbe huo wa Bashira ulinikuta ghorofani, nimevalishwa ubibi harusi wa mwaka 1934, wasichana kumi wa skuli wananifukiza udi huku wakipiga chafya. Nikadhani ni utani wake. Bashira na mimi tunafanya kazi katika nyumba hii ya Vuga, iliyojengwa kwa ajili ya daktari wa Kiingereza enzi za ukoloni, na sasa ni makumbusho. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi familia huja na watoto wao kuishi siku moja ya zamani. Watoto hupiga pasi ya makaa na kuandika barua kwa kalamu ya kuchovya wino. Akina baba hushindana kuwasha jiko la pampu, wakishindwa wake zao huwacheka. Mwezi huo tuliamua kuigiza harusi ya Jaku, mpishi wa daktari, aliyeozwa kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo.

Wa kumwigiza Jaku alikuwa Mahfoudh, seremala anayetukarabatia milango. Na hapo ndipo penye donda langu. Mimi na Mahfoudh tulikuwa tumependana miaka miwili. Mwezi wa pili wa mwaka huu aliniahidi kuwa wazee wake watakuja kuposa, kisha akanyamaza kimya. Akawa ananipita kama anavyopita milango aliyokwisha kuitengeneza. Nikasema moyoni, huyu keshapata mwengine, na kwa kiburi changu sikumuuliza.

Mzee aliyepangwa kuwa baba wa bibi harusi aliamka na homa. Baba yangu, Maalim Anuar, alikuwa amekuja kutoka kwetu Chukwani kuwatembeza wajukuu, nikamwomba ashike nafasi hiyo. Nikampa karatasi yenye majina ya kutaja, Jaku na bibi harusi wake Maisara. Kosa langu ni kusahau kwamba baba anaozesha watu msikitini mwaka wa thelathini sasa.

Niliposhuka, Bashira alinionesha video kwenye simu yake. Baba kamshika mkono Mahfoudh, karatasi iko magotini na wala haiangalii. Sauti ni ile ile ya msikitini.

"Mahfoudh bin Mjaka, nimekuoza mwanangu Saadiya kwa mahari mliyokubaliana."

Mahfoudh akainua uso. Akamtazama baba mpaka mtoto mmoja akacheka.

"Nimekubali kumuoa Saadiya kwa mahari tuliyokubaliana."

Watoto wakapiga makofi. Baba akauachia mkono wa Mahfoudh, akaiinamia karatasi.

Nikairudisha video nyuma mara tatu. Wageni walikuwa wanabishana kama ndoa imesihi kisheria au haikusihi, na mama mmoja alikuwa amempigia simu mumewe kumuuliza. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja tu. Asubuhi nilimtambulisha kwa baba kwa jina la Fundi Mahfoudh, basi. Hilo "bin Mjaka" baba kalitoa wapi?

Nikamkuta baba jikoni, amejiinamia kwenye kigoda.

"Baba, jina la babaake umelijuaje?"

"Ulimi umezoea, mwanangu. Nikishamshika mtu mkono..."

"Sikuulizi ulimi. Nnauliza jina."

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Walikuja," akasema. "Mwezi wa tatu, wazee wake, kutoka Jambiani. Nikawaambia ntakuuliza, kisha ntawajibu."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Tangu mamaako afariki, nikirudi nyumbani nakukuta wewe tu. Niliogopa kubaki na nyumba ile peke yangu, Saadiya. Kila Ijumaa nasema, wiki ijayo ntamwambia."

Nilikasirika na nilimhurumia, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Miezi mitano nimemlaumu mtu asiye na kosa.

Baba alikuwa na hofu nyingine. Yeye ndiye anayewafundisha vijana kwamba katika ndoa mzaha huhesabiwa kweli, na sasa hakujua kama ameniozesha au hakuniozesha. Akataka Jumatatu twende kwa kadhi.

Mahfoudh alikuwa amesimama mlangoni, bado kavaa kanzu ya Jaku. Nikamgeukia.

"Ulisikia jina langu?"

"Nilisikia."

"Na ukakubali. Ulidhani bado ni mchezo?"

"Nilidhani ndilo jibu." Akaingia jikoni. "Wazee wakishapeleka posa, mimi sina ruhusa ya kukufuata wewe, nasubiri. Nikasubiri mpaka nikaona ushaulizwa, ukakataa. Leo Maalim kanishika mkono, kalitaja jina lako na langu mbele za watu. Nikasema kumbe leo ndiyo ananijibu."

Bashira, aliyekuwa anatusikiliza nyuma ya mlango, akapenga kamasi.

"Kama hukuridhia, niambie," Mahfoudh akaendelea. "Ntatamka talaka sasa hivi, uwe huru bila ya shaka. Sitakulaumu."

Wakaniangalia wote wawili. Ndani ya miezi mitano wanaume hawa walikuwa wameniposa, wamenificha, wameniozesha, na sasa wanataka kuniacha, na mimi sijaulizwa hata neno moja.

"Usitamke kitu," nikamwambia. "Na wewe baba, kwa kadhi nenda, ukasikilize hukumu yake. Lakini mimi ya leo siihesabu. Nendeni mkaanze upya, na muanze na mimi."

Kadhi alimsikiliza baba mpaka mwisho, akasema akdi ya ndoa irudiwe, shaka iondoke.

Ijumaa ya wiki ya pili nyumba yetu ya Chukwani ilijaa wanawake. Kabla ya kwenda msikitini, baba alikuja mlangoni kwangu na mashahidi wawili. Kwa desturi yetu msichana ana haki ya kunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kukubali. Shangazi zangu wote walinyamaza siku zao.

"Saadiya binti Anuar, Mahfoudh bin Mjaka anataka kukuoa. Umeridhia nimuozeshe?"

Nikainua ushungi.

"Naam, baba. Nimeridhia."

Mashahidi wakageuka waondoke. Baba hakuondoka. Akaniuliza tena, halafu tena, na kila aliponiuliza nilimjibu.