Droni Juu ya Ua wa Mwenye Eda

Kutoka Kismayo hadi Burgao hakuna aliyerusha droni kama mimi, Athman, mtu wa darasa la nne. Wasomi waliangusha zao baharini. Yangu ilinirudia mkononi kama kuku arudivyo bandani.

Jioni ile nilikuwa kisiwani Chula kwa kazi nyepesi. Bwana mmoja aliyekimbilia Ulaya alitaka picha za nyumba waliyoiacha wazee wake. Nyumba hiyo imepakana na ua wa Mwanatumu, mjane. Mumewe, Ahmed, alizama. Mukhtar, mdogo wake, ndiye aliyekuwa naye mashuani, naye aliapa kwamba alimwona akienda chini. Tukamsalia bila mwili. Eda ya Mwanatumu ilikuwa imebakiza siku tisa, na haikuwa halali mwanamume wa kando kumtia machoni.

Dada yake, Zakia, akanijia mbio.

"Kaka Athman, kidudu hicho kisipite kwetu."

"Ua ni wenu, dada. Huko juu ni kwa nani? Nimeuliza mjini, nikaambiwa anga haina sheria."

"Mchu akija, mtu yeyote, hupiga hodi. Hicho chako hupiga hodi?"

"Husikii kinavyovuma? Ndiyo hodi yake."

Waliokuwa wakitazama wakacheka. Nami, kwa kutaka wacheke zaidi, nikaipitisha papo hapo.

Kwenye kioo cha rimoti nikamwona Mwanatumu, kajikunja mkekani. Na ubavuni mwake...

Mwanamume.

Amekaa, kanipa mgongo. Fulana imemganda mwilini. Inachuruzika maji.

Ningenyamaza. Lakini mdomo wangu huu! "Eda gani hii ya watu wawili?" nikasema.

Mukhtar alikuwa nyuma ya bega langu. Akachungulia. Akachomoa panga lake la kukatia makuti.

"Namchinja yeye na hawara wake!"

Zakia akamdaka shati. Akapigwa kiwiko cha mdomo, akaanguka na meno yake. Teke moja, mlango wa ua ukang'oka.

Nilibaki na kioo. Nikamwona Mwanatumu akitambaa kuelekea pembeni, mikono kichwani. Nikaona panga likipanda. Yule mwanamume akasimama, taratibu... akageuka.

Ahmed.

Shingo yake ilikuwa wazi, kutoka sikioni hadi kooni. Bahari haikati hivyo.

Akakamata kifundo cha mkono wa Mukhtar, kama mwalimu amshikaye mtoto kumfundisha kuandika. Akaligeuza panga. Mara moja. Mara mbili. Damu ikaruka mpaka kwenye makuti. Mara ya tatu, kichwa kikalala begani.

Zakia, aliyekwisha kujikokota hadi mlangoni, anaapa mpaka leo kwamba hakuona mtu mwingine. Alimwona Mukhtar peke yake, anajichinja, huku analia, "Niachie, kaka! Niachie..."

Harufu ikanifikia. Pweza aliyeoza juani.

Kwenye kioo, Ahmed akainua uso. Akanitazama. Mimi, si droni.

Nikabonyeza irudi. Ilirudi kweli, ila si kwa amri yangu. Ilikuja sawa na uso wangu, ikivuma, ikivuma...

Mabawa yakaingia jicho la kushoto. Niliyasikia kabla sijaumia.

Mwanatumu hakuguswa hata ukucha. Akamaliza siku zake tisa. Alimtuma Zakia aje kuniuliza swali moja tu: fulana ilikuwa ya rangi gani?

"Kijani," nikasema. "Imeshonwa begani kwa uzi mweupe."

Zakia akaufunika mdomo wake uliovimba. "Uzi huo aliutia dada, asubuhi ile Ahmed aliyotoka kwenda baharini."

Siku hizi niko Kismayo, chini ya mabati. Jicho langu moja lashinda manne yenu, lakini sirushi kitu, hata kishada. Kila magharibi kitu huvuma juu ya paa. Kisha sauti iliyojaa maji.

"Hodi..."

Mke wangu, Kaltuma, husema ni paka. Tangu lini paka akaomba ruhusa?

"Hodi..."

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mgeni hushika njia akaenda zake.

Huyu hupiga mbili.

Halafu hunyamaza, na mabati juu ya kitanda changu hulia taratibu, kama yamekaliwa.

Ya tatu hajaipiga hadi leo.