Mkono wa Kushoto wa Tabu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tabu alisimama mbele ya mama yake kama mtoto wa chekechea ili afungwe vifungo vya shati. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na jambo hilo lilimtia aibu hata akawa anatazama pembeni mpaka kifungo cha mwisho kifungwe. Mama yake, Bi Mwantumu, naye hakusema kitu. Alifunga vifungo, akamvalisha mkoba begani, akarudi ndani. Ndege zilizokuwa zikishuka kwenye uwanja wa ndege wa jirani zilipita juu ya mapaa ya Gongo la Mboto, na mara nyingi kelele zake ndizo pekee zilizosikika ndani ya nyumba ile.

Haikuwa hivyo zamani. Mama alikuwa akikaanga kachori na mihogo kibarazani, akitaniana na wateja tangu alfajiri. Kisha ikaja asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Mama aligeuka na karai la mafuta ya moto bila kujua kwamba Tabu alikuwa nyuma yake. Mafuta yakamwagikia mkono wa kulia wa binti, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni.

Tabu alilazwa wiki saba. Alipotoka, vidole vitatu vilikuwa vimejikunja na ngozi imevutika. Daktari hakuwaficha. Mkono ungepata nafuu, alisema, lakini usingerudi kuwa kama ulivyokuwa. Mama alikuwa ameacha biashara tangu siku ya ajali. Akaanza kufua nguo za watu, na akawa mtu wa kujibu maswali kwa neno moja moja.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, mwalimu wa darasa, Mwalimu Apolonia, alimwita Tabu ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Mtihani wa kufunga mwaka ni wa kuandika, Tabu. Mwalimu mkuu anaona bora urudie darasa la sita. Mimi nimemwomba asubiri kwanza. Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kuandika kama zamani," Tabu alijibu haraka. Kabla ya ajali hakuna aliyemzidi kwa mwandiko mzuri darasani.

"Lini?"

"Mwezi huuhuu."

"Utaanzaje?"

Tabu alisema tu kwamba atajitahidi. Mwalimu akamwambia amletee ukurasa mmoja kila Ijumaa.

Jioni ile alijaribu kwa mkono wa kulia, penseli ikamponyoka kabla hajamaliza neno la kwanza. Akajaribu kwa wa kushoto. Herufi zikalala huku na huku kama nyasi zilizokanyagwa. Siku ya tatu aliitupa penseli ukutani, akajifunika khanga usoni, akalia bila sauti ili mama asisikie.

Aliyesikia ni Bupe, rafiki yake wa nyumba ya pili na wa darasani, aliyekuja kuazima kitabu.

"Lete nikuandikie," Bupe alisema. "Nitapindishapindisha kidogo. Nani atajua?"

"Ni ukurasa mmoja tu," Tabu alisema, akimsogezea daftari. "Wiki ijayo nitaandika mwenyewe."

Asichokitegemea Tabu ni kwamba mama angeliona lile daftari. Alilikuta mezani, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akakaa chini ghafla.

"Umeandika wewe?"

Tabu alitazama sakafu. "Ndiyo, mama."

Bi Mwantumu alilikumbatia daftari kifuani. Alilia, kisha akacheka, kisha akatoka nalo nje kuwaonyesha majirani. "Mwanangu kaandika jamani! Oneni!" Asubuhi iliyofuata harufu ya mafuta ya moto ilijaa kibarazani kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mama alimpa Tabu kachori ya kwanza kutoka kwenye karai. Tabu aliitafuna akiwa amempa mama kisogo.

Wiki hiyo ilipofika hakuandika. Sasa asingeweza kumwonyesha mama herufi zake halisi baada ya zile za Bupe. Basi Bupe akaandika ukurasa wa pili, wa tatu, na wa nne.

Ijumaa ya nne Mwalimu Apolonia alimsubirisha mpaka darasa likawa tupu. Akafungua daftari na kumsukumia.

"Hukuweka tarehe. Iandike hapo juu."

Tabu aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda mrefu kuchora tarakimu mbili tu, nazo zilikuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu hakumharakisha. Tabu akaweka kalamu chini.

"Nani ameandika kurasa hizi?"

"Bupe."

"Jana mama yako alikuja hapa kunishukuru. Alinishika mikono, Tabu, akasema nimemrudishia mwanawe. Nikashindwa hata kumtazama, maana nilikuwa nimeshaanza kuzishuku kurasa hizi." Mwalimu alifunga daftari. "Sitakuchapa. Na mama yako simwambii mimi. Utamwambia wewe, leo."

Tabu alitembea kwenda nyumbani pole pole, akitamani njia isiishe. Alimkuta mama akigeuza kachori kwenye karai. Akasimama mbali na jiko, kama alivyozoea siku hizi.

"Mama, zile kurasa sikuandika mie. Kaniandikia Bupe. Zote."

Bi Mwantumu aliepua karai, akaliweka chini mbali, akakaa kwenye kigoda. "Kwa nini?"

"Ulikuwa umeanza kucheka tena, mama."

Mama hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alizima moto, akaingia ndani, na siku mbili nzima hakusema lolote zaidi ya kumwita kula.

Siku ya tatu aliweka kiti kando ya meza ya Tabu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mie ndiye niliyekuunguza," alisema. "Nilitaka upone upesi ili nisiwe nimekuunguza. Hilo ni kosa langu, si lako. Lakini umenidanganya, na hilo ni lako. Haya, chukua kalamu."

"Nitaandika nini?"

"Jina lako."

"Kwa mkono wa kushoto?"

"Kuandika si kula, mwanangu. Andika."

Aliandika jina lake mara nne, mkono ukauma mpaka begani. Kesho yake alimpelekea Mwalimu Apolonia karatasi ile mbaya. Mwalimu aliitazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kurasa za Bupe. Wakakubaliana mstari mmoja kwa siku, na wiki ikienda vizuri uongezwe mstari mwingine. Tarehe ya "kama zamani" wakaifuta kabisa.

Haikuwa safari nzuri. Mwezi wa kumi mvua za vuli zilipoanza, kovu liliwasha na vidole vikakakamaa. Mistari mitano ikarudi kuwa miwili. Siku moja wenzake waliuiga mwandiko wake ubaoni, darasa zima likacheka, Bupe peke yake akainuka kufuta. Tabu alilia nyuma ya vyoo vya shule. Jioni aliandika mistari yake miwili, karatasi ikiwa imelowa pembeni.

Mwezi wa kumi na moja aliingia kwenye mtihani. Hisabati aliimaliza. Sayansi aliimaliza dakika ya mwisho. Insha aliifikisha nusu, kengele ikalia. Matokeo yalipotoka alikuwa wa hamsini na nane kati ya wanafunzi tisini na wanne. Mwaka uliotangulia alikuwa wa tatu. Lakini alikuwa amefaulu kuingia darasa la saba.

Siku ya kuchukua ripoti mama alisoma namba ile, uso ukainama. Mwalimu Apolonia akaona.

"Bi Mwantumu, usihuzunike mbele yake. Kila alama hapo kaitafuta mwenyewe." Akamgeukia Tabu. "Mwanzo ulijiwekea lengo la kuandika kama zamani ili kuwafurahisha watu, tena bila kujua pa kuanzia. Lilipokushinda ukalificha, na ukaendelea kuficha. Baadaye ukachagua kitu unachoweza kukifanya leo, ukakifanya, na kesho ukakirudia hata uliporudi nyuma. Hilo ndilo lengo. Lile la mwanzo lilikuwa ni tamaa tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Sasa darasa la saba. Unataka nini?"

Tabu alimtazama mama yake, kisha akautazama mkono wa kushoto uliokuwa na doa la wino. Safari hii hakuharakisha kujibu.

"Nitakwambia, mwalimu," alisema, "nikishajua naanzaje."