Nguzo ya Ukumbi wa Furaha

Kengele ya mwisho ikilia shuleni, Wema hakuelekea nyumbani. Alishika njia ya Ukumbi wa Furaha, mbio mbio, begi likimgonga mgongoni, na rafiki yake Shadia akimfuata huku akilalamika kuwa miguu yake si ya bodaboda. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yao. Mazoezi ya ngoma yalianza wote wakishafika, na Mwalimu Honorata hakupenda kusubiri mtu.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa zamani. Bibi zao walicheza humo wakiwa wasichana. Ulikuwa na jukwaa mbele, na upande wa nyuma ulikuwa na roshani, yaani sakafu ya juu ya mbao iliyobebwa na nguzo za mti. Vijana wa Ujiji walipenda kukaa huko juu. Ngoma ilipokolea, wao waliitikia kwa miguu, ti-ti-ti, mbao zikilia mpaka mtu wa chini anasahau shida zake. Ukicheza Furaha roshani isikuitikie, basi ujue hujacheza!

Wiki ile kila mtu alikuwa na habari moja mdomoni. Jumamosi ungefanyika mkutano wa kuamua hatima ya ukumbi. Wako waliotaka upanuliwe, roshani izungushwe pande zote watu wengi zaidi wapate nafasi. Wako waliosema uachwe ulivyo. Na wako, tena wenye sauti kubwa, waliotaka uvunjwe pajengwe maduka.

"Wakiona ubovu hata kidogo, wanavunja," Shadia alisema siku ya Alhamisi, walipokuwa wakifagia baada ya mazoezi. "Nimemsikia mjomba. Eti mhandisi atakuja kukagua."

"Wavunje wapi!" Wema aling'aka. Yeye ndiye alikuwa mpigaji wa ngoma kuu ya kikundi. Ukumbi ukivunjwa, ngoma zingerudi stoo, na kikundi chao kingekufa. Hakuwa tayari kulisikia jambo hilo.

Akafagia kwa hasira mpaka chini ya roshani. Hapo fagio likagonga nguzo moja, na unga wa mbao ukamwagika sakafuni. Wema akainama. Akabonyeza kwa kidole. Lo! Kidole kikazama kama kwenye ugali. Mchwa walikuwa wamekula ndani, wakaacha ganda tu.

"Mama yangu!" Shadia akashika mdomo. "Twende tukamwambie mwalimu."

"Thubutu! Tukisema, Jumamosi wanauvunja. Si umesema mwenyewe?"

Wakatazamana. Sasa, baba yake Wema, Mzee Elikana, alikuwa fundi wa maboti kule Katonga, na vifaa vyake vingine aliviweka nyumbani uani. Toka utoto Wema alimwona baba akitia kalafati: anachukua pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, anaishindilia kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, kisha anapaka rangi, na boti linaingia ziwani kavu kabisa. Mtoto wa fundi boti akiona tundu, atafikiria nini kingine?

"Tutaiziba," alisema.

Shadia alisita, kisha akacheka kwa woga. "Na wahenga si wamesema? Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Ijumaa wakaja na pamba ya Mzee Elikana na rangi ya buluu kwenye kikopo. Shadia akasimama mlangoni kulinda. Wema akashindilia pamba tunduni kwa kijiti, akapaka rangi, akarudi nyuma kutazama. Ilipendeza! Nguzo ilionekana mpya kuliko zote. Usiombe furaha waliyokwenda nayo nyumbani.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulifurika. Wavuvi, wachuuzi wa dagaa, walimu, wazee wenye kofia, akina mama na watoto mgongoni. Mzee Elikana naye alikuwapo, amekaa safu ya kati. Diwani Hamdani, mwenyekiti wa mkutano, akainuka.

"Mwakeye!" akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye!" ukumbi ukavuma.

Akamtambulisha mhandisi, mama mmoja mchangamfu aitwaye Evaline, aliyehamishiwa Kigoma kikazi kutoka Iringa. Mhandisi akaanza kuzunguka akigusa hiki na kile. Alipofika chini ya roshani, Wema alikuwa hapo karibu akikaza ngozi ya ngoma yake.

"Shikamoo," Wema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona nguzo hii peke yake ina rangi mbichi?"

Wema akainamia ngoma yake. "Tulikuwa... tulikuwa tunapamba ukumbi kwa ajili ya leo, mama."

"Hongereni. Nitazikagua zote vizuri kwa vifaa mkutano ukiisha," mhandisi alisema, kwa kuwa diwani alikwisha kumwita mezani. Wema akabaki ameshika kamba za ngoma. Uongo ulikuwa umemtoka kirahisi, na sasa ulimkaa kifuani.

Majadiliano yakaanza. Jamani, watu wa Ujiji wanajua kuongea! Mfanyabiashara mmoja akasema maduka ndiyo maendeleo. Bibi mmoja akamjibu, "Maduka yako utayacheza ngoma?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu Honorata akasimama, akaeleza kuwa mwaka jana watoto wa shule nyingine walirudishwa mlangoni kwa kukosa nafasi. Mwingine akataka kila kitu kibaki kama kilivyo. Kelele zikapanda, zikashuka.

Mwisho diwani akasema, "Wanaotaka ukumbi upanuliwe, nyosheni mikono."

Mikono ikainuka kila upande, hata ya waliokuwa wakibisha. Vifijo! Vigelegele! Shadia akamrukia Wema shingoni, akaruka naye. "Tumeshinda! Wema, tumeshinda!"

"Mwalimu Honorata, hebu watoto watupigie ngoma tusherehekee!" diwani akaamuru.

Mwalimu akampa Wema ishara, na kikundi kikajipanga jukwaani. Vijana waliposikia ngoma, wakakimbilia roshani kama ilivyo desturi yao. Wakapanda kwa vurugu, wakasukumana, wakajaa. Mguu mmoja ukaanza kupiga mbao, wote wakimsubiri Wema. Pigo la kwanza la ngoma kuu ndilo lililoanzisha kila kitu, na pigo lile lilikuwa lake.

Wema akainua vijiti. Akatazama juu, akaona miguu ile yote. Akatazama chini, pale kwenye nguzo ya buluu. Chini ya roshani walikuwa wamekaa akina mama na watoto wao.

Hakupiga.

"Piga bwana!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka juu. Watu wakacheka. Mwalimu akamkazia macho. Wema alijua akisema, pale pale ukumbi wake unakwisha. Akaweka vijiti chini.

"Shukeni!" akapiga kelele. "Tafadhalini shukeni! Nguzo imeoza! Tumeiziba kwa pamba!"

"Mtoto huyu anasema nini?" diwani akauliza kwa ukali. "Unatuharibia shughuli."

Wema alishuka jukwaani, akapenya katikati ya watu, akapiga magoti penye nguzo na kuingiza vidole kwenye rangi ile. Akavuta. Pamba ikatoka donge zima, ikinuka mawese, na unga wa mchwa ukamwagika juu ya magoti yake.

Kicheko kikakatika. Mhandisi Evaline akafika, akachoma nguzo kwa bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akageuka akasema kwa sauti tulivu lakini ya amri, "Mlio juu, msipige miguu tena. Shukeni mmoja mmoja, polepole. Akina mama, sogeeni nje. Asikimbie mtu."

Wakashuka. Ukumbi wote ukatoka uani, kimya kimya, kila mtu akimshika mwanawe. Wa mwisho alipokanyaga chini salama, watu wakapumua pamoja. Bibi yule aliyemjibu mfanyabiashara akasema, "Alhamdulillahi," na jirani yake akafanya ishara ya msalaba.

Wema alisimama peke yake. Kisha akahisi mkono ukishika wake. Alikuwa Shadia. "Nami nilikuwapo," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mimi nililinda mlango."

"Kwa nini, watoto?" mhandisi akauliza.

"Tuliogopa," Wema alisema huku akilia. "Walisema ubovu ukionekana mtauvunja."

"Nani kakwambia? Kuta hizi ni imara, paa ni zima. Nguzo zinabadilishwa, mwanangu. Ungeniambia asubuhi, ningekujibu hivyo hivyo asubuhi." Akawageukia watu. "Ndugu zangu, tulitaka kuongeza roshani juu ya nguzo hizi. Leo mtoto huyu ametuokoa tusiporomoke pamoja nayo. Uamuzi wenu wa kupanua ni halali, ila nashauri tuanze na nguzo mpya, na mpaka hapo mtu asipande roshani. Mnakubali?"

"Tunakubali!" uwanja ukajibu, na furaha ikarudi kwa kishindo. Diwani Hamdani akajifuta jasho, akamwomba Wema radhi kwa kumkemea mbele za watu. Vijana walikwishaanza kuzitoa ngoma nje bila kuagizwa. Ya nini kurudi nyumbani na shangwe tumboni?

Mzee Elikana akamjia binti yake. Mkononi alikuwa na lile donge la pamba. Wema akainamisha kichwa, akijua ya baba hayajasemwa.

"Hii ni pamba yangu," baba alisema.

"Ndiyo, baba. Niliichukua bila kuomba. Nisamehe."

"Nimekusamehe, lakini wiki nzima utafagia kiwanja changu cha maboti, wewe na mwenzako. Na sikiliza. Kalafati huwekwa kati ya mbao mbili nzima. Ubao ukioza, hauzibwi, unang'olewa. Ulichofanya Ijumaa ni kuwadanganya watu kwa rangi, na wangeweza kufa."

"Ndiyo, baba," Wema alisema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu kusema mbele ya watu. Mimi ndiye niliyeficha, halafu mimi ndiye nipige kelele?"

Mzee Elikana akamwinua kidevu mpaka macho yao yakakutana.

"Mwanangu, tukiwa ziwani, chombo kikivuja, anayeona maji kwanza hupiga kelele. Hata kama ni yeye aliyekitoboa."