Jemadari wa Sitini na Moja

Jumanne asubuhi fundi meno aliikuta brashi yake imelowa.

Ilikuwa ile namba sifuri, ya kupakia macho, yenye nywele chache kuliko kope za mtoto mchanga. Jana yake aliiosha, akaifuta kwa kitambaa, akailaza juu ya kopo. Sasa ncha yake ilikuwa na mate, imechongoka vizuri, kana kwamba mtu ameitoa mdomoni sasa hivi.

"Nani kagusa brashi yangu?"

"Mimi na brashi yako wapi na wapi?" mkewe alijibu kutoka kwenye cherehani, macho yake kwenye mshono. "Mwenye tabia ya kulamba nywele za wanyama humu ndani ni mmoja, na simtaji jina."

Alikuwa na haki ya kumcheka. Wanaopaka rangi askari wa mezani, vile vinyago vya plastiki vya kuchezea vita, karibu wote wana tabia hiyo. Askari mwenyewe ana urefu wa kidole gumba, jicho lake ni kama tundu la sindano. Brashi ikitawanyika kidogo tu, umemfanya chongo. Basi unaitia midomoni, unaizungusha kwenye ulimi, inachongoka, unaendelea. Fundi meno aliilamba yake mara mia kwa siku, na wiki ile zaidi ya mara mia, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya tamasha. Wachezaji wa vita vya mezani wangejaa kwenye ukumbi wa mji, kila mtu na jeshi lake ndani ya sanduku, warushe dadu siku mbili mfululizo. Na palikuwa na shindano la jeshi lililopakwa rangi vizuri kuliko yote. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza meno ya bandia, kazi ambayo sifa yake ni kutoonekana. Mara moja tu, kabla hajafa, alitaka kazi ya mikono yake ionekane.

Askari sitini na jemadari mmoja. Kila mmoja alisimama juu ya kitako cha duara, na kitako hutandazwa changarawe ili kionekane kama uwanja wa vita. Changarawe zilimwishia. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na machinjio yaliyofungwa miaka mingi, na ndani ya ukuta wake mifupa mikavu imetapakaa. Alijaza mfuko, akaisaga kwa mashine yake ya kusagia meno, akaugundisha ule unga kwenye vitako vyote sitini. Jemadari alimsimamisha juu ya fundo zima la mfupa, kama mtu aliyepanda jabali. Ulitoka uwanja mweupe, wa kutisha, mzuri mno.

Alipoingia mle machinjioni hakutaja jina la Mungu. Alipotoka hakuaga. Na kwa siku tisa sala ya alasiri ilimpita akiwa ameinama mezani. Tusimnyooshee kidole. Ni nani kati yetu hajawahi kumwambia Muumba wake, ngoja kidogo, namalizia hapa?

Adhuhuri ya Jumanne hiyohiyo alisikia kitu kinatafuna chini ya meza. Ngwa. Ngwa. Kama mbwa na mfupa wake, taratibu, bila haraka. Alichungulia. Hapakuwa na kitu. Kisha ikaja harufu ambayo yeye, katika mtaa mzima, ndiye aliyeijua kuliko wote: harufu ya mfupa unaoungua kwenye jiwe la kusagia. Aliangalia mashine. Ilikuwa imezimwa, waya wake umeviringishwa juu ya rafu.

"Unasikia harufu?" alimwuliza mkewe.

"Nasikia ya mtu asiyeoga tangu Jumapili."

Alicheka, akailamba brashi, akaendelea.

Jumatano mkewe alikwenda nyuma ya jiko kutafuta ufagio, akapiga ukelele mmoja mfupi. Fundi meno alimkuta amesimama na mkono mdomoni. Sakafuni alikuwa paka wao. Ngozi haikuchanika hata pa kupitisha sindano, manyoya yalikuwa safi, macho wazi. Lakini paka alikuwa amelala bapa kama soksi iliyovuliwa. Fundi meno alimwinua, naye akamwagika pande mbili za kiganja. Ndani yake hamkuwa na mfupa hata mmoja.

"Labda ugonjwa," alisema.

"Ugonjwa gani huo, mume wangu?" Sauti ya mkewe ilikuwa ndogo sana. "Ugonjwa gani unaiba mifupa?"

Alimzika paka, akanawa, akarudi mezani. Walibaki askari kumi na wawili wa kupakwa rangi.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana alikuja shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori la mikate, mtu wa maneno mengi ambaye mtaa mzima ulimwita Domo. Yeye pia alikuwa mchezaji. Jeshi lake, alilokuja nalo ndani ya sanduku, lilikuwa bichi, rangi imemwagwa tu.

"Shemeji, hawa wako umewapaka kwa mkia wa punda?" fundi meno alimtania.

"Wangu ni wapiganaji, si bibi harusi. Vitani nani anakuuliza kope?" Domo alivuta kiti, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza amtazame jemadari kwa karibu. "Ila huyu… Mungu anisamehe, huyu anapumua. Hili jabali umelitoa wapi?"

Fundi meno alifungua mdomo ajibu, na kwa mazoea tu akaitia brashi midomoni kwanza, na ladha iliyomjia safari hii haikuwa ya rangi wala ya maji bali ya uboho mbichi, mtamu, wenye joto, ikamshuka kooni kama kitu chenye miguu, na mkono wake wa kulia, bila yeye kuuamuru, ukakiokota kile kisu cha wembe cha kukatia plastiki, ukakididimiza katikati ya kiganja cha shemeji yake mpaka kikagota kwenye mbao, na Domo alipopiga yowe na kujaribu kujivuta, mkono uleule ukachukua koleo la kukatia waya, ukakibana kidole chake cha mwisho penye fundo, ukaminya, na fundi meno aliyaona yote hayo, aliyaona kama mtu anayetazama kupitia tundu la mlango wa nyumba yake mwenyewe akiwa amefungiwa nje, akaona kidole kimekatika, akaona mkono umekiokota, na akasikia meno yake mwenyewe, meno aliyoyatunza kuliko ya mteja yeyote, yanakitafuna. Ngwa. Ngwa. Taratibu, bila haraka.

Mkewe alimpiga pasi ya chuma kisogoni.

Alipozinduka alikuwa kitandani, amefungwa kwa waya wa umeme mikono na miguu. Domo alikuwa amepelekwa hospitali, ambako aliwaambia kwamba kidole kimeliwa na mashine ya mkate. Kando ya kitanda alikaa mama mmoja mnene, mikono imekunjwa mpaka viwikoni, beseni la maji mapajani. Ndiye aliyewaosha maiti wote wa kike wa mtaa ule kwa miaka thelathini, na aliwasomea pia walio hai walipovamiwa na majini. Walimwita Mama Mwosha.

"Nimeosha wengi waliotulia kuliko wewe," alimwambia. "Sizungumzi na wewe lakini. Nazungumza na mgeni. Nani wewe?"

Kinywa cha fundi meno kikafunguka chenyewe. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya kitu kinachosuguana.

"Mwenye chakula."

"Chakula gani?"

"Mifupa ile ilitajiwa jina la Mungu wanyama walipochinjwa. Ni riziki yetu, na wewe mama unajua. Huyu ameiba. Akasaga. Akailamba kwenye brashi yake siku tisa. Sisi hatukumwita. Amekula nasi mwenyewe."

Mama Mwosha alimgeukia yule mke. "Tumefundishwa hivyo, mwanangu. Mfupa ni chakula cha ndugu zetu majini. Huyu bwana ameingia jikoni kwa watu bila hodi." Akarudi kwa mgeni. "Alikosea kwa kutojua. Utatoka?"

"Nirudishiwe."

"Yote?"

"Yote. Kesho, kabla jua halijatua."

"Na asiporudisha?"

Macho ya fundi meno yalizunguka taratibu mpaka yakamkuta mkewe pale mlangoni, yakatulia juu yake.

"Huyu ana mifupa mia mbili na sita," ile sauti ilisema. "Nimeihesabu akiwa anashona."

Mama Mwosha alisoma na kumwagia maji mpaka shuka ikalowa chapachapa, fundi meno akipinda kama upinde, damu ikimtoka puani, kitanda kikiruka na kugonga sakafu kiasi kwamba majirani walidhani ukuta unavunjwa. Kisha akalegea. Kitu cha kwanza alichosema kwa sauti yake mwenyewe ni, "Nimekula kidole cha Domo?" Mama Mwosha alianza kumfungua waya, naye akalia.

Ijumaa walikaa wawili mezani, yeye na mkewe, wakivunja vitako. Yeye alibana kwa koleo, mkewe akakwangua kwa kisu juu ya kitambaa cheupe, hata punje isipotee. Waliovunjika miguu walivunjika. Kila askari mmoja alimchoma kama sindano ya ufizi, lakini alivunja. Walihesabu kwa sauti, na ilipofika sitini, mkewe alikwenda kutafuta uzi wa kufungia kitambaa.

Jemadari alibaki peke yake mezani.

Joho lake lilikuwa na vivuli saba vya wekundu. Machoni mwake mlikuwa na nukta nyeupe ambayo hata kwa kioo cha kukuzia ilihitaji subira kuiona. Akimng'oa kwenye lile fundo miguu itabaki pale. Fundi meno alifikiri, sitini wamerudi, huyu ni mmoja, nitamrudisha Jumapili tamasha likiisha. Akamtia mfukoni.

Mkewe alirudi na uzi. Alitazama meza.

"Wamekwisha?"

"Wamekwisha."

Alikifunga kitambaa.

Walikwenda kwa miguu, Mama Mwosha mbele. Mlangoni mwa machinjio mama yule alisimama.

"Mimi naishia hapa. Deni si langu. Ndiyo yote hii?"

"Yote, mama."

Waliingia. Jua lilikuwa bado limesimama kidole kimoja juu ya ukuta. Fundi meno alitoa salamu, akaomba radhi, akaumwaga ule unga chini, akarudi nyuma. Pakawa kimya. Kisha ikaanza milio midogo, tap, tap, kama mtu anayehesabu kwa kugonga kucha kwenye jiwe. Walihesabu nayo kimoyomoyo. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini. Ikanyamaza. Lakini haukuwa ukimya wa aliyeshiba. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyenyoosha mkono.

Mkewe alimshika. "Mume wangu," alinong'ona. "Kama kuna kitu, sema."

"Hakuna kitu."

Harufu ya mfupa unaoungua iliwapiga usoni wote wawili kwa pamoja, na pale pale kidole kidogo cha mkono wa kulia wa mkewe kikalia, ngwa, kikalala kama uzi, bila damu, bila jeraha, na kabla hajamaliza yowe lake kikalia cha pili, na fundi meno akamchomoa jemadari mfukoni, na hapo ndipo, Mungu amsamehe, maana yeye mwenyewe hajajisamehe, badala ya kumtupa alivyo alimbana kwa kucha akaanza kumbandua kwenye lile fundo, akizungusha, akivuta, akiomba gundi iachie, iachie tu miguu isivunjike, huku cha tatu kikilia, huku mkewe akipiga magoti na kumtazama, hakumtazama yule asiyeonekana aliyekuwa akimtafuna, alimtazama yeye, na cha nne kikalia, na gumba, na kiganja chote kikakunjika kama kitambaa kilicholowa, ndipo fundi meno alipopiga kelele na kumrusha jemadari mzima, joho, macho na vyote, katikati ya ule unga.

Tap.

Upepo ukapita. Harufu ikaondoka, na haijarudi tena mpaka leo.

Madaktari waliupiga picha mkono wa mkewe mara tatu, wakibadilisha mashine. Walimwuliza amezaliwa hivyo? Mama Mwosha alikuja, akaufunga ule mkono kwa bendeji pana, polepole, kama alivyozoea kufunga sanda, akaondoka bila kumuaga fundi meno.

Jumamosi mchana, saa ambayo ukumbi wa mji ulikuwa umejaa watu na dadu, fundi meno alikaa chini, kando ya kiti cha mkewe, mbele ya cherehani iliyofunikwa. Alikuwa amesali sala zote za siku ile kwa wakati wake, na hazikumpa pumziko. Alijua lililobaki.

"Nilikudanganya," alisema. "Jemadari hakuwa ndani ya kitambaa. Nilimficha. Ulipouliza nikasema wamekwisha, na Mama Mwosha akauliza, na wewe ukauliza tena. Mara tatu."

Mkewe alikuwa akiutazama mkono wake mapajani.

"Najua," alisema. "Nilikuwa mlangoni na uzi. Nilikuona ukimtia mfukoni."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilitaka uniokoe mwenyewe." Aliuinua ule mkono kwa mkono wake mwingine, akaugeuza upande wa pili, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala. "Nilisubiri njia nzima umtoe."