Mkono wa Bibi Fundi

"Tangu niolewe sijaugua hata siku moja," alijigamba bibi fundi, mguu ukikanyaga cherehani. "Ukiacha magoti. Na meno. Na mgongo, ila mgongo si ugonjwa, ni umri."

Mkwewe alicheka. Muuguzi, jirani yao wa mlango wa pili, hakucheka. Alikuwa amekuja kuwapima presha kwa mara ya tatu.

"Bibi, yako imepanda tena. Na ya mkweo nayo imeanza kupanda."

"Mbona siumwi popote?"

"Ndio ujanja wake. Huingia kimyakimya kama mwizi."

Bibi aliacha kushona. Marehemu mama yake naye alikuwa fundi. Alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala, hakushika mkasi tena. Bibi aliogopa jambo hilo kuliko kaburi.

Muuguzi aliokota kipande cha mpira wa kiunoni, akakivuta.

"Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, zinaitwa seli. Kila seli ina ngozi nyembamba yenye mafuta, ndio utando wake. Utando wenye afya ni laini, kama mpira huu mpya. Tena una vilango vya kupitisha chumvi. Presha inapoanza, utando huonekana umekakamaa, na vilango havifanyi kazi sawasawa."

"Unakakamazwa na nini?"

"Mwili ukitumia hewa, hutoka vitu vikali, kama cheche za jiko. Vikizidi, vinaharibu yale mafuta ya utando, kama kutu inavyokula chuma. Mishipa nayo inabana. Kipi kinatangulia, utando au presha, wataalamu bado wanachunguza."

"Basi nibadilishe mpira!"

"Huu haubadilishwi, bibi, hutunzwa. Punguza chumvi. Kula mboga na matunda. Tembea. Na dawa za daktari usiziruke."

Bibi aliapa mbele ya wote. Chungu kikaanza kutiwa chumvi kiduchu. Kila asubuhi yeye na mkwewe wakatembea hadi sokoni, bibi akilalamika njia nzima. Dawa alimeza, kakunja uso.

Baada ya miezi miwili muuguzi alipima tena. Presha ya mkwe ilikuwa imeshuka. Ya bibi ilikuwa palepale.

"Mnakula chungu kimoja, mnatembea njia moja. Kulikoni?"

"Mashine yako inanionea."

"Na chumvi?"

"Chumvi? Mwanangu, nimesahau hata ladha yake!"

"Haya. Nishonee kifungo hiki, niwahi kazini."

Mkwe alivuta droo ya cherehani ampe sindano. Sindano zote zilikuwa zimeshika kutu. Kando yazo kulikuwa na kikopo kisicho na kifuniko, ndani kitu cheupe kimelowa na kuvuja.

"Mama, hii nini?"

"Sukari," alijibu bibi, haraka kuliko cherehani yake.

"Afadhali," alisema mkwe, akivuta kikombe cha chai cha bibi. "Nikutilie vijiko vingapi?"

Bibi alizitazama zile sindano. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua.

"Mwaga," alisema. "Hicho kikopo, si chai yangu."