Kamba ya Tatu Ilikuwa Uani kwa Shemeji

Wapenzi wasomaji, nina umri wa miaka hamsini na minane. Ni mkazi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, nilikozaliwa mimi na alikozaliwa baba yangu. Siku hizi nachomelea madirisha na milango ya chuma, kazi ya miguu kukaa ardhini. Hata balbu ya sebuleni ikiungua, anayepanda kiti kuibadilisha ni mke wangu, mimi natoka nje nisione... Wanaonicheka wacha wacheke. Hawajui!

Zamani nilikuwa mtu wa juu. Baba yangu alikuwa fundi wa milingoti ya redio. Mjini kulikuwa na Wagiriki, Wabelgiji na mapadri waliokuwa na redio za kuzungumza na watu wa nchi za mbali, si kwa biashara, kwa kupenda tu. Kila mmoja alitaka antena yake iwe juu kuliko ya mwenzake, na baba akawajengea wote. Mimi nilipanda. Mdogo wangu Mwajuma alishika kamba chini.

Ndiyo, msichana! Na alikuwa hodari kuliko wanaume niliofanya nao kazi baadaye. Baba alimfundisha kuzungusha kamba mara mbili kwenye nguzo kabla ya kuivuta. "Ukizungusha hivi, hata mutoto anashika ng'ombe," alimwambia. Mwajuma alilijua hilo kabla hajajua kusonga ugali.

Baba alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: usipande mlingoti mpaka umezishika kwa mkono wako kamba zote za chuma, pale zilipofungwa ardhini. Ya pili: aliye chini haachii kamba mpaka aliye juu aguse ardhi, amshike bega na kumwambia, "Nimefika." Hata kama anamwona kwa macho yake kwamba ameshashuka, haachii! Mwajuma aliipenda amri hiyo. Akiwa mtoto aliniwekea ngumi puani na kunilazimisha niseme, "Nimefika," ndipo aifungue.

Baba alikufa. Vita vikaja. Wageni wakafunga virago, na mzee mmoja wa Kigiriki aliyekuwa akiondoka akaniachia mlingoti wake pamoja na redio yake. Nikatafuta kibali serikalini, nikakipata kwa taabu, nikausimamisha mlingoti ule uani kwangu. Ulipita michikichi yote ya mtaa.

Lakini viwanja vya Buyenzi mnavijua! Ukikohoa, jirani anakuambia pole. Mlingoti mrefu hausimami peke yake, unataka kamba tatu za chuma ziuvute kutoka pande tatu, tena kwa mbali. Ya kwanza niliifunga nyuma ya choo. Ya pili pembeni mwa jiko. Ya tatu ilikosa nafasi kabisa, ikabidi ivuke ukuta na kufungwa uani kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Sulemani, fundi wa magari, rafiki yangu tangu madrasa. Alichimba shimo mwenyewe. Tukamwaga zege pamoja, tukala pamoja, na mwaka uleule akaniomba nimwoze Mwajuma. Mimi ndiye niliyekuwa walii wake, baba hayupo. Ningekataa vipi? Nilimpa kamba yangu, nikampa na mdogo wangu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumkataza Mwajuma kushika kamba. Alisema ni aibu mke wa mtu kuvutana na vyuma watu wakitazama. Niliona huzuni machoni mwa Mwajuma. Nilisema moyoni, ndoa ni yao.

Redio ile ikawa msaada kwa wengi. Kigoma kulikuwa na mzee mwenye redio kama yangu, naye alinipa salamu za watu waliovuka ziwa. Akina mama walitoka Kamenge na Cibitoke, nyumba zao zimechomwa, wakaja kukaa kwenye mkeka wangu kusubiri kusikia jina moja tu. Wakilisikia walilia. Wasipolisikia walilia pia, na mke wangu Zaituni akawapa chai.

Kisha nchi za jirani zikatufungia mipaka. Esansi, yaani petroli, ikaadimika mpaka ikauzwa kwa chupa za soda, na aliyekuwa nayo alikuwa tajiri. Wakati huo ndipo geti la Sulemani lilipoanza kufungwa mchana na usiku. Nilipopiga hodi alitoka mwenyewe, akasimama mlangoni, tumbo mbele.

"Shemeji, mu nyumba muko bamama bageni," aliniambia. "We ngoja inje."

Mimi ni Mwislamu niliyelelewa. Nikiambiwa uani kuna wanawake wasio maharimu wangu, siingii. Hata kuchungulia sichungulii! Alilijua hilo vizuri, tulifundishwa na mwalimu mmoja. Basi miezi ikapita sijaiona kamba yangu ya tatu, na Mwajuma nilimwona kwa nadra, kajifunika, anatazama chini. Nilimuuliza kama yuko salama. Alisema, "Niko tu, kaka."

Msimu wa mvua upepo ukavunja mkono mmoja wa antena. Ukawa unaning'inia juu ya jiko la Zaituni, ukigonga mlingoti... ngo... ngo... Ungeanguka ungeua mtu. Lakini kupanda mlingoti wakati wa vita si mchezo! Askari akiona mtu juu, anadhani ni mpelelezi anayewaonyesha adui pa kupiga. Nikaenda kwa mkubwa wa kituo cha askari, nikamwomba. Alinipa asubuhi moja, na akaniamuru nijifunge shuka jeupe kiunoni ili vijana wake wanitambue.

Asubuhi hiyo nikaishika kamba ya kwanza kwa mkono wangu. Nikaishika ya pili. Nikaenda getini kwa Sulemani.

"Shemeji, leo napanda. Naomba nione ile zege."

"Bageni bangali, ndugu yangu," alijibu. "Panda tu. Kamba iko vile uliiacha. Mi naweza kukudanganya?"

Ningefanya nini? Alikuwa mume wa mdogo wangu. Niliivuta ile kamba nikiwa upande wangu wa ukuta, ikawa imekaza. Nikasema bismillahi, nikapanda. Chini, Zaituni alinishikia kamba ya kushushia vyuma.

Nilipofika juu nilifunga mkanda na kuanza kufungua nati za ule mkono uliovunjika. Nikaushusha kwa Zaituni polepole. Kazi ilikuwa imekwisha! Ndipo nikageuza kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa vikwazo nikaona uani kwa Sulemani.

Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Hakukuwa na zege. Pale tulipoimwaga palikuwa na shimo, na ndani ya shimo mapipa ya esansi yamepangwa. Alikuwa ameichimbua zege yangu apate pa kuficha magendo yake!

Na kamba yangu je? Aliifunga kwenye chasi ya pikapu bovu lililokuwa limelala pale siku nyingi... Lakini siku ile pikapu halikuwa bovu tena. Boneti ilikuwa wazi, injini inanguruma, na watu wawili wanapakia mapipa nyuma. Mmoja alikuwa na bastola kiunoni. Mwenzake akazunguka nyuma ya gari, akainama, akaanza kuifungua kamba.

Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Sulemani! Sulemani, acheni hiyo kamba!"

Akainua uso. Wallahi aliniona! Aliniona na shuka langu jeupe, macho yetu yakakutana. Alihitaji kusema neno moja tu: ngojeni. Alimtazama mwenye bastola, akayatazama mapipa, kisha akainamisha kichwa kana kwamba anatafuta kitu kilichomdondoka. Wasomaji, miaka yote hii nikifumba macho nakiona kisogo kile.

Mlingoti ukatikisika. Nikafungua mkanda. Zaituni alikuwa ameshakimbilia geti la Sulemani, analigonga kwa mikono miwili, hakuna anayefungua. Niliona mwisho wa kamba ukiachana na chasi, mlingoti ukaanza kuinamia upande wa nyumba yangu, nami juu yake... Nikajua nimekufa.

Haukuanguka.

Nikatazama tena. Mwajuma alikuwa ametoka ndani, kichwa wazi, kitenge amejizungushia mikononi. Alikuwa ameidaka kamba, ameizungusha mara mbili kwenye nguzo ya baraza, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kama zamani! Mumewe alimfokea aingie ndani. Hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Shuka, kaka! Shuka, niko nayo!"

Nilishuka huku ngozi ya viganja ikibaki kwenye vyuma. Kila hatua nilihisi mlingoti ukinung'unika, na kila hatua nilisikia sauti yake, "Niko nayo... niko nayo..." Nguzo ile ilikuwa ya mti tu, imeshikilia paa la baraza, haikuwekwa kwa kazi hiyo. Nilipofika usawa wa bati la jiko nikasikia ikilia. Nikaruka.

Nguzo ikakatika. Mlingoti ukalala juu ya jiko langu, na kamba ikafyatuka kuelekea ukutani pamoja na chuma kizito cha kuikazia kilichokuwa mwishoni mwake. Kikipita kilimpata Mwajuma pajani.

Geti lilifunguliwa wakati huo, si kwa ajili yetu, bali pikapu lipite. Lilitoka na mapipa, likatupita sisi tunaingia. Mwajuma alikuwa amekaa ukutani, damu inamtoka nyingi, mikono yake ingali imekunjwa ngumi ndani ya kitenge. Zaituni akamfunga paja kwa mtandio. Mzee Rajabu wa nyumba ya tatu alikuwa na teksi, akaja mbio akilia kwamba tanki ni kavu, hana hata tone.

Nikampigia magoti Sulemani. Ndiyo, mimi, kwa yeye! "Nipe lita mbili tu. Ni mke wako!"

Alinionyesha shimo tupu. Akasema, "Si yangu tena, shemeji. Benyewe bameshabeba yote."

Ua mzima ulinuka esansi! Ardhi imelowa esansi! Na mdogo wangu akakosa ya kumfikisha hospitali.

Tulimlaza kwenye mkokoteni wa kubebea mahindi, mimi nikavuta, Mzee Rajabu akasukuma, Zaituni akashika paja. Tukaelekea hospitali iliyo upande wa Kamenge. Kwenye kizuizi askari wakatusimamisha, risasi zilikuwa zinasikika mbele, njia imefungwa. Tukangoja. Mniambie, kuna kungoja kubaya kuliko kule? Nilikuwa nikitazama mbao za mkokoteni zinavyobadilika rangi.

Hapo kizuizini Mwajuma akafumbua macho. Midomo ilikuwa imepauka. Akauliza polepole, "Kaka... umefika?"

Sikumwelewa. Nilidhani anaulizia hospitali, nikamwambia bado kidogo. Akatikisa kichwa. Akainua ile ngumi yake iliyokuwa ndani ya kitenge, akanisogezea usoni.

Ndipo nikakumbuka. Tangu niruke kutoka kwenye mlingoti sikuwa nimemwambia! Nikamshika bega, nikasema, "Nimefika, Mwajuma. Nimefika."

Akafungua vidole vyake kimoja kimoja. Askari walipoturuhusu kupita, hatukuwa na sababu ya kwenda mbele tena.

Sulemani alikuja matangani na kusema ni kazi ya Mungu. Mungu alimwambia achimbue zege? Mungu alimwambia aseme kuna wageni? Wazee walinisihi ninyamaze, wakati wa vita kila mtu alikuwa akimwogopa mwenye bastola. Nikanyamaza. Leo Sulemani ana nyumba nzuri kule Kinanira, na mwaka juzi alinitumia mtu kuniuliza kama naweza kumpandishia antena ya televisheni juu ya paa lake. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka kunitazama, kisha nikalia kama mtoto.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nikiirudia methali hiyo bila kuisikia. Nilimwamini mtu kwa sababu nilimpa mdogo wangu, ilhali ndiyo sababu nilipaswa kupiga hodi kila siku. Heshima ni kitu kizuri, sijaiacha. Lakini mtu akitumia heshima yako kukufungia mlango, jua kuna shimo nyuma ya mlango huo!

Nakuombeni, ndugu zangu, msifanye kama mimi. Mkimwoza dada yenu, msiishie kusikia "niko tu." Ingieni, kaeni, mmtazame machoni. Na kama maisha yako yanashikiliwa na kamba iliyofungwa uani kwa mtu mwingine, usipande kwa neno lake, hata awe nani. Nenda uishike kwa mkono wako.

Nami kila Ijumaa nikitoka msikitini hupitia makaburini. Nainama, naweka kiganja juu ya udongo wake pale ninapokadiria ni begani, nasema, "Nimefika."