Ufunguo wa Chumba cha Chupa

Ile Mei Mosi kubwa ya nchi nzima ilipoletwa kwetu Singida, wajukuu zangu, mji ulijaa mpaka ukikanyagwa unaomba radhi wewe. Matarumbeta, fulana za kila rangi, vumbi, na upepo wetu huu usiojua kubisha hodi. Upepo ukamvua dada mmoja kofia, ukaenda kumpiga nayo kijana usoni.

"We kaka, hiyo kofia siyo yako."

"Imenifuata yenyewe. Mi nimesimama zangu hapa."

"Basi ilete."

"Yenyewe imetembea. Na wewe tembea."

Dada akacheka, akatembea. Alivaa sketi ya kitenge cha kijani, na fulana ya kazini ameikata shingo kwa mkasi ili ikae kisichana. Kijana naye fulana ileile, ila yake imemmeza, utadhani shuka la hospitali. Ndipo wakatazamana vifuani, dada akaanza yeye.

"We unafanya kwa Bonaventura? Kwenye mafuta ya alizeti?"

"Niko mashine ya kukamua, mwaka wa pili huu. Na wewe?"

"Chumba cha chupa, mwaka wa tatu."

"Mbona sijawahi kukuona?"

"Utanionaje, na sisi tunafungiwa?"

Na ni kweli. Wanawake wa chumba cha chupa wakishaingia asubuhi, mlango unapigwa kufuli kwa nje mpaka saa ya kula. Bonaventura, mwenye kiwanda, alisema chupa zinatoka chini ya sketi. Dirisha lina nondo. Mtu akibanwa na haja agonge, asikilizwe akisikilizwa.

Kijana anaitwa Laurian, mtu wa Kiomboi, alipanga hapa Mandewa, jirani yangu kabisa. Kijana wa salamu. Hata akichelewa kazini atasimama, shikamoo babu. Dada ni Jenipher, kwao Mtinko.

Basi jukwaani akapanda mama mmoja wa chama cha wafanyakazi, akaeleza hii Mei Mosi ilikotoka. Kumbe Marekani! Mji unaitwa Chicago, zamani hizo, watu wanafanya kazi tangu kunakucha mpaka giza. Wakagoma, wanataka masaa nane tu. Kwenye vurugu likarushwa bomu, polisi wakafa, raia wakafa, na baadaye viongozi wanne wakanyongwa, wakati aliyerusha hajulikani mpaka leo. Kisha hotuba ikahamia New York. Wasichana wanashona blauzi ghorofani, mlango umefungwa eti wasiibe. Moto ukawaka. Mwenye ufunguo alikuwa ameshatoka zake. Wakaungua, wengine wakaruka madirishani, wakafa zaidi ya mia.

Watu wakapiga makofi, maana hotuba ikiisha watu hupiga makofi. Jenipher hakupiga.

"Lau, umesikia? Hao ni sisi."

Jina lenyewe alikuwa amelijua muda huohuo, na tayari ameshalikata nusu. Mapenzi ndivyo yanavyoanza.

Simu zikaanza. Ukuta wa nyumba za kupanga mnaujua, mwenzako akikohoa unamwambia pole.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali na picha yako."

"Muongo! Picha ina chumvi?"

"Ina sukari. Ndiyo maana ugali umenishinda."

Wakapendana hivyo mpaka msimu wa alizeti ukachanganya. Wanawake wakapeleka ombi kwa bosi, mlango usifungwe. Jenipher ndiye aliyesema mbele yake, akamweleza na ya New York. Bonaventura akamsikiliza vizuri, akaondoka. Kesho yake akamwita Laurian, akampa ufunguo. Kuanzia leo wewe ndiye msimamizi, mshahara umepanda, na ufunguo huu usiguswe na mkono mwingine.

Laurian akaupokea. Alikuwa anawaza mahari, jamani, tusimlaumu upesi.

Jioni simu ikalia.

"Kwa hiyo umekuwa askari jela wangu?"

"Jeni, sikiliza. Nikiushika mimi si afadhali? Siku ya shida nakuja mbio nafungua."

"Na siku ambayo hupo?"

"Nitakuwepo."

"Yule wa New York naye alisema hivyohivyo. Rudisha ufunguo, Laurian." Amemwita jina zima, hapo ujue mambo yameharibika.

"Nikirudisha watampa mwingine, mbaya zaidi."

"Basi na mimi tafuta mwingine, mbaya zaidi." Akakata, akaifungia namba yake.

Sasa ukoo wa akina Jenipher una mila yao. Kijana akikosana na binti yao, hamalizi kwa simu wala kwa kutuma watu. Anabeba asali mwenyewe, anampelekea baba. Mzee akiionja, yamekwisha. Akiirudisha, na wewe rudi kwenu. Laurian akakaa siku kadhaa bila kula vizuri. Asubuhi moja mashine yake ikasimama, lori la alizeti limechelewa. Akaona hii ndiyo nafasi. Akawafungia wanawake kama kawaida, akapanda bodaboda na ndoo ya asali mapajani, akaenda Mtinko. Alijua kabla ya saa ya kula atakuwa amerudi. Hakumuaga mtu. Ufunguo mfukoni.

Mzee Fredrick, baba yake Jenipher, alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe. Laurian akamngoja.

Kule kiwandani waya wa mashine ya kuziba chupa ukashika moto. Ukarukia maboksi, ukarukia plastiki, moshi mweusi. Wanawake wakaupiga mlango kwa ngumi, kwa viatu, kwa makreti. Simu zilikatazwa mle ndani, ila Jenipher yake aliificha kifuani. Akaifungulia namba aliyoifungia.

"Lau! Fungua, tunaungua! Uko wapi?"

"Niko kwenu. Mtinko."

Nyuma ya Jenipher watu wanakohoa.

"Na ufunguo?"

"Ninao."

Wanaume wa mashine walivunja ukuta kwa sururu. Wanawake wakatoka mmojammoja, Jenipher akiwa anavutwa mikono, sketi yake ile ya kijani imeungua pindo. Wa mwisho alitolewa Rebeka, rafiki yake aliyekaa naye benchi moja. Alikuwa ameshakata roho. Kaacha mtoto wa kunyonya.

Bonaventura akamuwahi Laurian kabla ya polisi.

"Sema mlango ulikuwa wazi, wanawake walichanganyikiwa na moshi. Ukisema ulifungwa, ufunguo ulikuwa wako. Utaoza ndani, kijana. Mchumba wako ataolewa."

Laurian akaenda polisi kwa miguu yake. Akasema, "Mlango ulifungwa. Aliyeamuru ni Bonaventura, aliyefunga ni mimi." Wakawekwa ndani wote wawili.

Jenipher akaenda kumuona, na bakuli la wali na mboga amelifunga kwenye kitambaa. Sauti ilikuwa bado imekwaruzwa na moshi. Wakawekewa benchi, askari pembeni.

"Umesema ukweli," akamwambia.

"Nimesema."

"Wenzangu wanakushukuru. Kiwanda kingine pale mjini wameshang'oa kufuli lao."

"Na wewe?"

Akaangalia mikono yake, imefungwa bandeji. "Baba alinipigia. Asali uliyoiacha kwetu bado haijaguswa. Ananiuliza, nionje?"

Laurian akamsogelea benchini.

"Nimemwambia airudishe."

"Jeni wangu..."

"Nakupenda, Lau. Sikudanganyi, hata leo nilivyokuona moyo umeruka. Lakini yule mtoto wa Rebeka ninamlea mimi sasa. Usiku analia anamtafuta mama yake. Siwezi kukupa umpakate."

Laurian akainamisha kichwa, akalia. Askari akageukia ukutani, kama mtu mzima.

"Chakula umepika mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kesho utaleta?"

"Nitaleta kila siku, mpaka siku ya hukumu yako. Baada ya hapo usinitafute, nami sitakutafuta. Sasa kula, wali unapoa."

Akala. Jenipher akakaa palepale akimwangalia mpaka alipomaliza, akachukua bakuli lake, akaenda kumnyonyesha mtoto kwa chupa.